"Madam, nyumbani hawajui"

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa kike, nina miaka 41, nafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita kwenye shule moja ya bweni ya serikali hapa mkoani Dodoma. Pia ni matroni, kwa hiyo wasichana hawa nawajua darasani na nawajua saa nane za usiku wakiwa na homa. Nina jambo limenikaa kifuani tangu mwezi wa pili. Kila nikitaka kumweleza mwalimu mwenzangu naona nitakuwa nimeanika siri ya mtu.

Ilikuwa Jumamosi. Nilikwenda mjini kwa shughuli zangu, nikapitia soko la Majengo kununua karanga. Kabla sijamwona muuzaji niliona mikono yake: inajaza kifuko, inakizungusha mara mbili, inakipiga fundo. Nilipoinua macho nikamkuta binti niliyemfundisha PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), aliyemaliza kidato cha sita mwaka juzi. Alipata Daraja la Kwanza la pointi 7, na jina lake bado limeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ubao ulio nje ya ofisi ya taaluma. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akasimama wima, mikono nyuma, kama vile nimeingia darasani. "Shikamoo madam."

Nilimuuliza, wewe si uko chuo Dar? Akainamisha kichwa. "Nilidisko, madam. Mwezi wa tisa. Nyumbani hawajui." Yaani aliondolewa chuoni kwa kushindwa masomo.

Tuliongea tukiwa tumesimama, wateja wanapita. Wiki za mwanzo chuoni, mhadhiri aliingia kwenye ukumbi wa watu mamia, akapitisha slaidi saa nzima, akatoka. Yeye akawa anangoja siku ya kuandikiwa notisi ubaoni. Haikufika. Jaribio la kwanza alipata 9 kati ya 20 na hakushtuka, maana kwetu majaribio ni mazoezi, mtihani wenyewe ni ule wa Mei. Alipokuja kutambua kwamba alama zile ndizo zinazojumlishwa, muhula ulikuwa umekwisha. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, lilipoingia, laki sita kwa mkupuo, alituma laki mbili nyumbani kwa ajili ya mdogo wake aliyekuwa anaanza kidato cha kwanza. Muhula wa pili akashindwa hela ya hosteli, akahamia gheto la mbali, chumba cha kupanga, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Sapu, mitihani ya marudio, zikamshinda. "Nilikuwa naona kama kuna kengele bado haijagongwa, madam," aliniambia. "Nikawa naisubiri."

Mama yake ni mjane, mkulima wa mtama na alizeti huko wilayani Chamwino. Anajua mtoto yuko mwaka wa pili. Mwezi wa kwanza, wakati maghala yetu Ugogo yako tupu, aliuza mbuzi wawili akamtumia shilingi 180,000 za kujazia ada ambayo mkopo haukuifikia. Binti hajazigusa. Alinionyesha kwenye simu, zimekaa vile vile. Anaishi na rafiki yake kwenye chumba cha kupanga Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, na mama anaamini yuko Dar.

Sasa huyu mama nakutana naye mnadani. Kila akiniona ananishika mikono miwili: "Mwalimu, mwanetu hajambo huko?" Mara ya mwisho, nikiwa nimeshajua kila kitu, nilijibu hajambo.

Kuna la pili. Tangu siku ile siwezi kuingia darasani nikawa na amani. Kidato cha sita nina wanafunzi 64, kitabu cha kiada ni kimoja kwa wanafunzi wanane. Miaka 14 nimewaandikia notisi ubaoni, nimewafanyia maswali ya miaka iliyopita mpaka wanajua swali gani lilitoka lini. Nimewatafunia. Nilimwendea mkuu wa shule nikamwomba prepo, yaani saa za kujisomea, ya Jumamosi jioni iwe ya kuwaandaa na maisha ya chuo. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema: "Madam, Mei tunahesabiwa kwa matokeo. Huko chuoni watajifunza huko huko." Nilitaka hata kumwalika yule binti aje aongee nao, wasikie kwa masikio yao.

Nimwambie mama yake, au ninyamaze kama alivyoniomba? Hawa 64 niendelee kuwapikia A, au niwaambie ukweli wa kule wanakokwenda? Na hili la mwisho naliuliza nikiwa na hofu: ni mimi niliyemwangusha?

Matroni, Dodoma

*

Marahaba, mwalimu wangu.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa, maana ndani yake kuna barua mbili. Moja ni ya mwalimu anayetazama wanafunzi 64 na kujiuliza anawapeleka wapi. Nyingine ni ya mtu aliyesema "hajambo" mnadani na tangu hapo hana usingizi. Nianze na hii ya pili, kwa sababu nadhani ndiyo iliyokufanya ushike kalamu.

Unauliza unyamaze "kama alivyoniomba". Nimerudi kwenye maneno yake uliyoyaandika. Alisema, "Nyumbani hawajui." Sijaona mahali aliposema usiwaambie. Huenda aliomba kwa macho, wewe ulikuwepo mimi sikuwepo. Lakini huenda pia alikuwa anakueleza mzigo ulivyo, kwa mtu wa kwanza aliyemwamini baada ya miezi mitano, na wewe kwa upendo wako ukaupokea kama kiapo. Hizo ni habari mbili tofauti, na anayejua ni ipi ni yeye peke yake.

Tazama pia ile laki na elfu themanini. Anauza karanga, analipa pango, anakula kwa shida, na fedha ya mbuzi wa mama yake ameiacha vile vile miezi miwili. Mtu aliyekusudia kudanganya hadi mwisho angekuwa ameifanya mtaji. Mimi naona binti anayeitunza fedha hiyo ili siku ya kusema ukweli awe na kitu cha kurudisha mkononi. Naweza kuwa nimekosea. Lakini kama ni hivyo, basi siku hiyo ameshaanza kuipanga, na anachokosa ni mtu wa kwenda naye.

Ukienda kwa mama peke yako utapumua, hilo ni kweli. Mama naye atakuwa amepata habari ya mwanawe kwa mdomo wa mtu mwingine, na binti atakuwa amempoteza mtu pekee anayejua. Asipokuona tena kama mahali salama, anaweza kuhama Chang'ombe na namba ya simu akabadilisha, na hapo hata wewe hutajua aliko. Ukinyamaza, nako kuna gharama: kila mnada utadaiwa "hajambo" nyingine, na msimu wa ada ukirudi mama ataangalia mbuzi wa tatu. Na siri hii haina maisha marefu. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, mtu anapanda asubuhi na mchana yuko upande wa pili. Mama akiamua siku moja kwenda kumwona mwanawe chuoni, nani atampokea stesheni?

Kati ya hizo mbili kuna njia ya kurudi kwa binti kwanza. Umwambie bila kumtisha kwamba mama yake anakuuliza, kwamba ulijibu hajambo, na kwamba huwezi kuendelea kujibu hivyo. Umuulize nyumbani ni nani angeanza kumwambia. Huenda ni shangazi, au mama mdogo, au kaka mkubwa. Kwetu habari nzito mara nyingi hupita kwa mtu wa kati kabla haijafika kwa mzazi, na hapo hakuna uoga wowote, ni utaratibu. Akikuomba muende pamoja, ujue mama anaweza kukugeukia na kukuuliza ulijua tangu lini. Swali hilo litauma. Jiandae nalo, usimwachie binti akujibie.

Kuhusu yeye mwenyewe, nadhani amejifunga mlango ambao haujafungwa wote. Kudisko hakufuti matokeo ya kidato cha sita. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa mujibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya alama 4, ambapo A huhesabiwa 5 na E huhesabiwa 1, na yeye alivuka hapo kwa mbali. Ipo pia njia ya stashahada kwenye vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi. Kila chuo kina kanuni zake kuhusu aliyeondolewa kwa sababu za kitaaluma, kwa hiyo barua yake ya kuondolewa na matokeo yake asiyatupe. Ni karatasi atakazoulizwa. Mkopo aliokwisha kuutumia ni deni lake, na kama anafikiria kuomba mwingine, aulize Bodi ya Mikopo kabla ya kupanga lolote. Halafu kuna swali ambalo pengine hakuna aliyewahi kumuuliza tangu apate zile pointi 7: anataka kurudi? Anataka kusoma nini? Sisi huwa tunaona PCB na Daraja la Kwanza, tunamchagulia mtoto maisha papo hapo.

Sasa lile la "ni mimi niliyemwangusha".

Mwalimu, yaangalie tena aliyokueleza. Alisubiri notisi, sawa, hapo una sehemu yako. Hakujua uzito wa majaribio. Vyuo vingi kazi za muhula zinabeba alama 40 kati ya 100, na hilo hakuna shule inayolisema wala chuo hakilirudii mara ya pili. Lakini gheto la mbali na daladala nne kwa siku havikutoka kwenye ubao wako. Na lile bumu, nataka tukae nalo kidogo. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Laki sita ni siku 60. Binti ametoka kwenye nyumba ambayo laki sita haijawahi kuonekana kwa pamoja, mdogo wake anahitaji sare na godoro la bweni; kutuma laki mbili kwake hakukuwa ufujaji, hayo ni malezi mema ya mama yake. Hakuna aliyemwambia tu kwamba pale pale alikuwa ameondoa siku 20 za kula na kulala. Na hakuna aliyemwambia mama kwamba fedha ile haikuwa mshahara. Hilo si somo la Baiolojia. Ni mazungumzo ya dakika kumi na wazazi, na wazazi wa kidato cha sita mtakuwa nao siku ya mahafali.

Kuhusu notisi usijihukumu haraka. Vitabu vinane darasani kwa watoto 64, ungefanyaje? Notisi zako ndizo zilizowafikisha kwenye mtihani. Na umesimulia habari za mmoja. Wenzake wa PCB wa mwaka ule wako wapi? Wapo wanaosoma vizuri, na huenda wapo wengine wawili waliojificha kama yeye. Ukiwauliza wote utajua kilichowashinda na kilichowasaidia, badala ya kubuni kutokana na maumivu ya binti mmoja.

Kuna jambo moja dogo linanigusa zaidi ya notisi. Katika shule zetu, mwanafunzi akiitwa ofisini kwa walimu anajua anakwenda kuadhibiwa. Miaka sita ya sekondari anajifunza kuupita mlango ule mbio mbio. Halafu tunampeleka chuo ambako msaada wote uko nyuma ya mlango: mhadhiri, mshauri wa wanafunzi, ofisa wa mikopo. Mimi mwenyewe nilitoka Kondoa, na nilikaa miezi miwili ya mwaka wa kwanza nikipita mbele ya mlango wenye karatasi ya saa za kuonana na wanafunzi. Niliisoma kila siku. Nilidhani ni ya wengine. Kama ungetaka kuanza na kitu kimoja ambacho hakihitaji kibali cha mtu, ningekuomba ufikirie hicho: kila mwanafunzi wako, angalau mara moja, aje ofisini kwako peke yake na swali aliloliandika mwenyewe, mjibizane juu yake, aondoke salama.

Mkuu wako wa shule usimwone adui. Naye ana anayemuuliza, na ulimwendea miezi michache kabla ya mtihani kumwomba saa za kujisomea. Mzazi wa mmoja wa hao 64 angeweza kusema kama alivyosema yeye. Je, ombi lako lingekuwa jepesi kama lingewahusu kidato cha tano, ambao wana mwaka mzima mbele? Huko unaweza kujaribu kuacha mada moja bila notisi: uwape kurasa, tarehe na mhadhara wa saa moja, kisha jaribio ambalo alama zake zinaingia kweli kwenye ripoti. Unaweza kuomba usiku mmoja wa wiki prepo iende bila kengele na bila mwalimu wa zamu mlangoni. Watalala baadhi. Wengine watapiga soga hadi saa nne. Wewe matroni utaona ni nani, na asubuhi utaweza kukaa naye, jambo ambalo hakuna mtu wa kulifanya kwenye gheto la Dar. Kama mtoto ni wa kuteleza, mimi ningependa ateleze mahali ambapo yupo anayelijua jina lake.

Lakini usiifanye ukiamini haina madhara. Alama zitashuka mwanzoni na utaulizwa. Walio na kitabu mkononi watapanda, wasio nacho watazidi kushuka, labda uwapange kwa makundi ya kitabu kimoja. Na wapo watoto ambao kengele ndiyo kitu pekee kilichonyooka maishani mwao. Ukiiondoa ghafla unaweza kuwaumiza.

Kwa kidato cha sita, kwa muda uliobaki, mimi ningegusa karatasi tu. Wakitoka Mei wapo watakaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wengine hapa hapa Makutupora, wengine mikoa ya mbali, na matokeo ya Julai yanawakuta huko au njiani. Maombi ya chuo na ya mkopo nayo yanadondokea miezi hiyo hiyo. Mtoto yuko kambini, cheti cha kuzaliwa kiko kijijini na bado hakijahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, jina la cheti halifanani na la matokeo ya kidato cha nne, aliyefiwa na mzazi hana cheti cha kifo. Hapo ndipo mkopo unapotea kabla hata masomo hayajaanza. Jioni moja kila mmoja alete nakala zake, mpitie majina herufi kwa herufi. Mkuu wako hilo hatalikataa. Siku hiyo hiyo waambie kwamba ule ni mkopo, na kwamba akiajiriwa Bodi itakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Wapo wanaosaini wakidhani ni zawadi ya serikali.

Limebaki la kumwalika binti aje aongee na wadogo zake. Najua nia yako. Lakini jina lake liko kwa rangi ya bluu kwenye ubao wanaoupita kila siku, na mama yake hajui. Habari itafika Chamwino kabla yeye hajafika stendi. Hata kama siri isingekuwepo, jiulize: atasimama mbele yao kama mtu mwenye la kufundisha, au kama onyo? Siku moja anaweza kutaka mwenyewe, na siku hiyo atakuwa na mengi ya kusema kuliko mimi na wewe. Kwa sasa aalikwe aliye mwaka wa pili au wa tatu, aliyewahi kukamatwa na sapu akaivuka, na ambaye nyumbani wanajua.

Sijui utaamua nini kuhusu mama, na sitakuamulia. Wewe unaijua sura yake, unajua anavyokushika mikono. Nitakuomba kitu kimoja tu kuhusu safari yako ya kwenda Majengo. Mara ile mliongea mmesimama, yeye mikono nyuma. Ukifika, tafuta ndoo nyingine, ipindue, ukae kabla hujasema neno. Usipokaa, hatakaa. Nunua karanga zako, umsaidie kufunga vifuko viwili vitatu, halafu ndipo umwambie ulimjibu nini mama yake mnadani.